V6 ina plagi sita, siyo tatu

"Fundi, plagi usihangaike nazo, nimebadilisha mwenyewe juzi nyumbani."

Safari hii aliyesema ni mzee mmoja mwenye Harrier ya V6, yaani injini ya silinda sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila moja na plagi yake. Alitoka nayo Tukuyu, gari likamisi (likawa linashtuka na kukosa nguvu) mlima mzima mpaka Isyonje. Nikafungua boneti. Plagi za mbele mpya kabisa, safi. Za nyuma, zile zilizojificha upande wa kioo, nikazitoa moja moja na kuziweka mkononi mwake. Ncha zimelika zikawa butu, na nafasi ya cheche, ambayo kwenye plagi mpya ya injini ile ni milimita 1.1, ilikuwa imekaribia 2. Nikamuuliza mbona hizi aliziacha. Akasema zile hazifikiki, na tena aliambiwa za nyuma hazichoki haraka kama za mbele.

Maneno hayo nimeyasikia hapa Mbeya mpaka yamenichosha. Hakuna plagi ya nyuma inayopumzika. Kila silinda inalipua mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini, zote sita kwa zamu, kwa hiyo zote zinalika kwa kiasi kilekile. Kinachotokea ni kinyume: kila mwenye gari anaziruka za nyuma, matokeo yake ndizo zenye umri mkubwa kuliko zote. Wakati mwingine ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani.

Mtu ananibishia: mbona nikienda Chimala na Igawa gari halina shida? Kule ni tambarare. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hewa na petroli vinajaa zaidi silindani, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Nafasi ikiwa imeshatanuka, koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, inalazimika kutoa umeme kupita uwezo wake. Umeme ukishindwa kuruka pale, unatafuta pa kupitia na kupasua mpira wa koili. Mwenye gari ananunua koili, anaifunga juu ya plagi ileile iliyolika, na baada ya muda anarudi tena kununua koili. Huku petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi), masega yanapata moto mpaka yanayeyuka na kuziba. Gharama yote hiyo kwa sababu ya plagi tatu.

Kama una mashine ya kupimia, injini ya 1MZ-FE, V6 ya Toyota kama ya Harrier hiyo, inakuambia yenyewe. Kodi za kumisi P0301, P0303 na P0305 ni silinda ya 1, ya 3 na ya 5, na hizo ndizo tatu za nyuma. Ukiziona, usiniambie umeshabadilisha plagi.

Na zinafikika, hata nyumbani. Vua wipa na kava lililo chini ya kioo, mkono unapata nafasi. Mwenye mkono mnene avue manifodi ya juu ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), ila azibe matundu yote kwa kitambaa safi dakika hiyohiyo, maana nati moja ikidondokea humo injini itafunguliwa. Wakati wa kurudisha aweke gasketi mpya. Kabla ya kulegeza plagi yoyote, puliza shimo lake kwa upepo, vumbi letu lisiingie silindani. Boksi ya spana iwe ya milimita 16, yenye mpira au sumaku ndani, na ekstensheni yenye kiungo kinachokunja.

Kurudisha ndipo watu wanapoharibu. Tafuta kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shubiri moja hivi, kiingie kwa kubana kwenye ncha ya juu ya plagi. Izungushe kwa vidole, usiguse racheti. Uzi ukishika sawasawa plagi inashuka laini mpaka chini. Ikishika kombo, mpira unateleza na plagi inabaki imesimama, nyuzi hazijaumia. Racheti haikupi onyo hilo, yenyewe inachana tu. Plagi ikifika chini kwa vidole, ndipo uweke boksi na kukaza nusu mzunguko, kama ni mpya na ina washa yake (ringi ya chuma). Wanaokaza mpaka "iseme" ndio wanaoniletea hedi (vichwa vya injini) za kuchonga nyuzi upya.

Wapo wanaofungua injini ikiwa ya moto ili plagi "ilegee". Hedi ni aluminiamu, na ikiwa ya moto ni laini. Nimeshatoa plagi iliyokuja na nyuzi za hedi zimeizunguka kama springi. Liache gari lilale, fungua asubuhi.

Kupaka grisi kwenye nyuzi: hapana. Plagi nyingi za sasa zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Subaru Forester nayo, ambayo plagi zake ziko ubavuni mwa injini, haishushwi injini kwa ajili ya plagi. Upande mmoja toa betri, wa pili toa boksi la hewa, ingiza ekstensheni fupi fupi. Inachosha mgongo, basi.

Kuna hii ya baridi ya kwetu, kwamba Mbeya na Makete zinataka plagi "ya moto", ile ambayo ncha yake hubaki na joto zaidi. Namba ya joto ya plagi inafuata injini, haifuati hali ya hewa. Weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Ukikuta mafuta yamejaa kwenye shimo la plagi, usikubali mtu akuambie injini imekufa. Mara nyingi ni sili za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zimekauka. Badilisha sili, futa mafuta yote, ndipo utoe plagi.

Na zile za zamani usizitupe. Zipange kwenye boksi la plagi mpya kwa namba za silinda. Ukija nazo gereji, nikiona moja ina masizi, nyingine imelowa oili, nyingine nyeupe kama chokaa, najua pa kuanzia kabla sijashika spana.