Kupiga moyo konde kuna gharama: msongo, pombe na wanaume weusi wa vijijini Georgia

Kusini mwa Marekani husimuliwa habari za John Henry, mwanaume mweusi aliyekuwa akipasua mwamba kwa nyundo ili reli ipite. Ilipoletwa mashine ya mvuke ifanye kazi hiyo, alishindana nayo akaishinda, kisha akaanguka akafa nyundo ikiwa mkononi.

Sherman James, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani uchunguzi wa jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii, alilikuta jina hilo kwa mtu aliye hai. Huko North Carolina alizungumza na mkulima mstaafu, mweusi, aitwaye John Henry Martin, aliyezaliwa 1907. Mzee huyu aliishia darasa la pili. Alijifundisha kusoma, akajinasua kwenye kilimo cha kugawana mazao na mwenye shamba, na kufikia umri wa miaka 40 alikuwa na ekari 75 zake mwenyewe. Alipoingia miaka ya hamsini mwili ulidai chake: presha, baridi yabisi, na vidonda vya tumbo vibaya kiasi kwamba madaktari walikata asilimia 40 ya tumbo lake la chakula. Mwaka 1983 James na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume weusi wa tabaka la wafanyakazi. Wale waliokuwa na elimu ndogo lakini wanaamini kila kizuizi kitavunjwa kwa kukaza zaidi ndio waliokuwa na presha ya juu zaidi.

Nimeanza na presha ingawa mada ni pombe, kwa sababu ukitazama chupa peke yake hutaelewa anayeishika.

Baadaye Gene Brody na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgia walifuatilia vijana weusi wa vijijini katika jimbo hilo kwa miaka mingi. Walikuwemo waliotoka familia maskini lakini wenye nidhamu kali: wanasoma, hawagusi dawa za kulevya, hawaonyeshi sonona. Kila mtu angewasifu. Vipimo vya damu vilisema jambo jingine, kwamba seli zao zilikuwa zikizeeka haraka kuliko umri wao. Sisi tuna usemi wa hali hiyo, kufa na tai shingoni. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia kwamba dawa ya shida za wanaume hawa ni wao kuwa wastahimilivu zaidi. Wamestahimili vya kutosha.

Sasa tuje kwenye pombe, na kwanza tuondoe dhana potofu. Kwa wastani, Wamarekani weusi hawanywi kuliko weupe. Vijana weusi huanza kunywa wakiwa wamechelewa, na wengi hawanywi kabisa. Kanisa, hasa la Kibaptisti na la Kimethodisti, limechangia sana hapo. Tofauti hiyo hupungua kadiri wanavyoingia miaka ya ishirini na kuelekea thelathini. Kijana mweupe aliyelewa sana chuoni mara nyingi hupunguza akipata kazi ya kudumu, akaoa, akanunua nyumba. Kwa kijana mweusi wa kaunti za pamba za zamani, milango hiyo hiyo ndiyo inayochelewa kufunguka. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiajiri wazazi wake vingi vimefungwa. Kilichobaki ni kiwanda cha kuku, kiwanda cha mbao, ghala, au gereza linalotafuta askari. Ardhi nayo imekwenda. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 900,000, na leo hawafiki 50,000.

Juu ya umaskini kuna kujihadhari. Mwanaume mweusi hufuatwa dukani, husimamishwa barabarani, na hupima kila neno mbele ya msimamizi wake. Tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana wa miaka 25, aliuawa na wanaume weupe waliomfukuza katika Kaunti ya Glynn, Georgia, alipokuwa akikimbia mazoezi. Baada ya hapo hata kukimbia barabarani lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwili unaoishi hivyo hutoa homoni za tahadhari, adrenalini na kotisoli, asubuhi hadi usiku. Moyo unadunda, misuli imekaza, usingizi hauji.

Hapo ndipo pombe inapoingia, na tuseme kweli: saa ya kwanza inasaidia. Inatuliza ubongo, inalegeza mabega, inaleta usingizi upesi. Lakini nusu ya pili ya usiku huvurugika. Mtu huamka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, na asubuhi ana wasiwasi kuliko wa jana. Jioni inayofuata kipimo cha jana hakitoshi. Kuna wanaofika mahali pa kuzimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka kabla ya zamu. Mtu aliyefika huko hanywi tena kwa starehe.

Tena kipimo kile kile humgharimu zaidi. Watafiti wa Marekani wamerudia kuliona jambo hili: kwa kiwango sawa cha pombe, wanaume weusi hupata matatizo mengi kuliko weupe, iwe ni kukamatwa, kupoteza kazi au ugonjwa. Na tiba iko mbali. Majimbo kadhaa ya kusini, Georgia, Alabama na Mississippi yakiwemo, hayakupanua kikamilifu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, chini ya sheria ya afya ya 2010, hivyo mwanaume maskini asiye na mtoto mdogo wa kumlea aghalabu hana bima. Akiambiwa aende hospitali, anakumbuka ya Tuskegee. Katika Kaunti ya Macon, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi takriban 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwapa tiba hata penisilini ilipopatikana. Kutoamini kwake si ujinga.

Yanayohusu Georgia yanawahusu pia wasomaji wetu. Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, ina familia nyingi za wakimbizi, Wakongo wanaozungumza Kiswahili wakiwemo. Askari anayesimamisha gari usiku haulizi kama dereva alizaliwa Goma au Alabama.

Nini hulinda? Ushahidi ninaouamini zaidi unahusu watu, kuliko ushujaa wa mtu mmoja. Huko huko vijijini Georgia, Brody na wenzake waliwaalika akina mama na watoto wao wa miaka 11 kwa mikutano ya wiki saba. Walizungumza juu ya malezi yenye upendo na mipaka, pombe, na namna ya kumwandaa mtoto mweusi kwa ubaguzi bila kumvunja moyo. Familia nyingine, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, hazikupata mikutano hiyo. Watoto walipofika miaka 19 walipimwa damu, na waliohudhuria walikuwa na inflamesheni ndogo zaidi mwilini, yaani ule uvimbe wa ndani unaoambatana na msongo wa muda mrefu. Wiki saba za mazungumzo zilionekana kwenye damu miaka minane baadaye.

Kwa ndugu aliye na kaka au baba anayekunywa: usianze na chupa, anza na usingizi. "Kaka, siku hizi unalala?" ni swali ambalo mwanaume anaweza kulijibu bila kushtakiwa. Kisha hesabu naye. Marekani kipimo kimoja ni gramu 14 za alkoholi halisi: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au pombe kali mililita 44. Ile chupa kubwa ya bia ya aunsi 40 (karibu lita 1.2) inazidi vipimo vitatu peke yake. Vitano au zaidi kwa mwanaume ndani ya saa mbili hivi huhesabiwa kuwa ulevi wa kupindukia.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo huua, basi aache akiwa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Ipo pia naltreksoni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo tangu 1994. Daktari wa kawaida wa familia anaweza kuiandika, ila haifai kwa anayetumia dawa za jamii ya afyuni (kama morfini au heroini), na mwenye ini lililoharibika sana apimwe kwanza. Aliyezidiwa na mawazo ya kujidhuru, akiwa Marekani, apige 988, namba ya msaada, saa yoyote, bila malipo. Aombe mkalimani wa Kiswahili akimhitaji.