Dirisha la wodini si pambo

Wengi tumekua tukiamini kwamba mgonjwa huponywa na dawa na daktari tu, na kwamba dirisha zuri au utulivu wodini ni anasa ya wenye pesa. Imani hiyo si sahihi.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo: nusu madirisha yao yalitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kundi ni dogo, na miti haizibi kidonda. Lakini mwili wenye msongo hupona polepole, na msongo ndio unaoguswa na mazingira.

Kelele, kwa maoni yangu, ndizo zinazopuuzwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sauti isizidi desibeli 30 wodini usiku; kengele za mashine na mazungumzo ya koridoni huzipita kwa urahisi, na mgonjwa aliyekosa usingizi huyahisi maumivu yake zaidi.