Chuo Kikubwa Kinavyoonekana Kutoka Kiti cha Nyuma

Wiki yangu ya kwanza chuoni nilisikiliza mhadhara nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Ukumbi ulikuwa na viti 400 na sisi tulizidi. Nikajisemea: kumbe niliyoambiwa ni kweli, humu mtu ni namba tu. Sasa nimehitimu, na nikikumbuka mzigo wa hadithi za watu nilioingia nao, nacheka. Zile zilizokuwa na chembe ya ukweli ndizo zilizonipoteza zaidi.

"Chuo kikubwa, kila darasa ni umati."

Chukua idara yenye kozi tano. Moja ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi 400, nne zilizobaki zina 25 kila moja. Chuo kikipiga hesabu kitasema wastani ni wanafunzi 100 kwa darasa, wala hakidanganyi: 500 gawanya kwa tano. Haya, sasa zunguka uwaulize waliokaa kwenye viti. Kati ya viti 500, viti 400 viko kwenye ule ukumbi mmoja, kwa hiyo wanne kati ya kila watano watakuambia darasa lao lina watu 400. Ukichukua majibu yao wote, wastani unaruka hadi 325. Watafiti Scott Feld na Bernard Grofman waliandika kuhusu mkanganyiko huu mwaka 1977. Kipeperushi cha chuo kiko sahihi, na mwanafunzi anayelalamika yuko sahihi.

Shida ni kwamba mwaka wa kwanza unaishi karibu muda wote kwenye zile kozi za umati, ukadhani ndicho chuo chenyewe. Mwaka wa tatu nilikuwa na semina ya watu 14. Nikikosa kipindi, mhadhiri anauliza niko wapi. Kuna asubuhi niliutamani sana ule umati.

"Mhadhiri hana muda na wewe."

Ukumbini, kweli hana. Lakini mlangoni kwake palibandikwa karatasi: saa mbili kila wiki za kuonana na wanafunzi. Ilinichukua muhula mzima kwenda. Nilitembea korido yote nikilifanyia mazoezi swali langu, nikakuta mlango wazi, hakuna foleni, mwenyewe anasahihisha kazi. Nikamwambia sielewi mada ya tatu. Akanisogezea kalamu: "Nionyeshe ulipokwama." Sikuwa na pa kumwonyesha, maana sikuwa nimejaribu chochote. Wiki iliyofuata nilirudi na ukurasa uliojaa makosa, tukamalizana kwa dakika kumi. Ila usisubiri wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Hapo foleni inafika kwenye ngazi.

"Ratiba ina nafasi kibao, tutapumzika."

Saa 14 za vipindi kwa wiki zinafanana na likizo. Katika ECTS, mfumo wa kuhesabu mzigo wa masomo kwa yuniti unaotumiwa na vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una yuniti 60, na hizo zimehesabiwa kuwa saa 1,500 hadi 1,800 za kazi. Sehemu kubwa ya saa hizo haimo kwenye ratiba, na hakuna atakayekugongea mlango kukudai.

"Rudia kusoma mpaka kiingie."

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu wajifunze. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioacha karatasi na kujilazimisha kukumbuka ndio walioongoza. Mimi sijawahi kukutana na mtihani unaokuja baada ya dakika tano, na bado nilisoma hivyo miaka miwili.

"Watu ni wengi, marafiki watakuja wenyewe."

Hii iliniumiza. Nilipishana na maelfu ya watu kwa siku na jioni sikuwa na wa kumwambia neno. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu makazi ya wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani: urafiki ulifuata milango. Aliyekaa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa rafiki yako kuliko aliyekaa milango kadhaa mbele. Kumbe kinachofanya kazi ni kumwona mtu yuleyule, tena na tena. Rafiki yangu mkubwa nilimpata maktaba, kwenye soketi pekee ya ghorofa ya pili iliyokuwa inafanya kazi. Tuligombania chaji wiki tatu kabla ya kuulizana majina.

"Wenzangu wote wanaelewa, ni mimi tu."

Yeye huyo rafiki yangu ndiye aliyekuwa akikaa mstari wa mbele kwenye ule ukumbi wa watu 400, kalamu haitulii, mimi nikimtazama kutoka ngazini na kujiona sifai. Siku tunafungasha vitu vyetu alinionyesha daftari lake la mwezi wa kwanza. Alikuwa amenakili kila kitu cha ubaoni. Pembeni mwa kila ukurasa, kwa herufi ndogo, ameandika: "hii ni nini?"