Tiba ya sanaa: kuyachora maumivu sugu

Kichwa kinawanga, jipu linapwita, tumbo linanyonga, mguu umekufa ganzi. Maneno ya maumivu tunayo tele. Lakini muulize mtu aliyeumwa kiuno miaka 6, atakujibu tu, "Naumwa." Amechoka kueleza, na wa nyumbani kwake wamechoka kusikia.

Tiba ya sanaa humpa njia nyingine ya kusema. Mgonjwa huchora, hupaka rangi au hufinyanga akiwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, kisha wanazungumza juu ya kilichotokea kwenye karatasi. Jina hilo alilitumia mchoraji Adrian Hill huko Uingereza mwaka 1942. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu, akajiliwaza kwa kuchora kitandani, kisha akawashirikisha wagonjwa wenzake.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Pengine jeraha lilishapona zamani, ila mishipa ya fahamu na ubongo bado vinapiga king'ora. Eksirei inaweza isioneshe kitu, ndugu wakaanza kunong'ona kwamba anajidekeza. Hapo mchoro hufaa. Mgonjwa hupewa umbo la mwili, mbele na nyuma, apake rangi panapomuuma. Rangi ya kuchoma na rangi ya ganzi huchagua mwenyewe. Halafu huulizwa: maumivu yako yangekuwa kitu, yangekuwa nini? Huyu huchora msumari, yule gunia la mawe mgongoni. Yakishatua mezani, anaweza kuyatazama, kuyafunika kwa rangi nyingine, hata kuyachana.

Ufundi wa kuchora hautakiwi. Anayejua sana ndiye huweza kupata taabu, maana atataka kazi ipendeze.

Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko, aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya basi mwaka 1925, alijichora mwaka 1944 akiwa amepasuka kifuani, nguzo iliyomeguka ndani yake, misumari mwili mzima. Kwa maana kamili hiyo si tiba ya sanaa, kwani hakuwa na mtaalamu pembeni, lakini hakuna anayeitazama akauliza anaumwa wapi.

Dawa na mazoezi ya viungo viendelee. Kuchora hakuvichukulii nafasi. Na kila karatasi iandikwe tarehe nyuma, ibebwe siku ya kliniki. Daktari mwenye foleni mlangoni ataona haraka kwamba mwezi uliopita nyekundu iliishia nyongani, leo imefika gotini.