Chanzo cha moto, na hitilafu inayosingiziwa

Juma lililopita kibanda cha fundi cherehani kiliungua huku Nkuhungu, si mbali na ninapokaa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye mabati, zimamoto hawajakunja mipira yao, na tayari jirani mmoja yuko kwenye simu: "Chanzo ni hitilafu ya umeme." Jioni nikayakuta maneno yaleyale kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mimi ni fundi umeme, nimepitisha waya kwenye nyumba nyingi za hapa Dodoma, na sentensi hiyo imenichosha. Mara nyingine huwa kweli. Lakini anayeisema dakika ile hana namna ya kujua, na neno "chanzo" analitumia ndivyo sivyo.

Maana yake kwa kifupi: moto unahitaji joto, kitu cha kuungua na hewa. Chanzo cha moto ni maelezo ya jinsi vitu hivyo vilivyokutana. Nini kilitoa joto, nini kilishika kwanza, na tendo gani au kasoro gani iliyovikutanisha. "Pasi" peke yake si chanzo. "Pasi iliachwa imewaka juu ya kitambaa, fundi akatoka kununua uzi", hicho ndicho chanzo.

Nadhani mkanganyiko unatoka kwenye neno lenyewe. Chanzo ni mtoto wa kuanza: ki-anzo, ikawa chanzo, kama vile kitabu ki-angu kinavyokuwa kitabu changu. Kwa hiyo kwanza kabisa ni pale jambo linapoanzia. Chanzo cha mto ni pale maji yanapobubujika, wala hatumaanishi mvua iliyoyaleta. Kisha neno likapanuka likabeba na sababu, tukawa na chanzo cha ugomvi na chanzo cha ajali. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halina madhara. Kwenye moto lina madhara, kwa sababu hapo maswali ni mawili: moto ulianzia wapi, na uliwashwa na nini? La kwanza lisipojibiwa, la pili halina pa kushikia.

Ndiyo maana mchunguzi hakimbilii kutafuta kiberiti. Hutafuta mahali kwanza. Huanza palipoungua kidogo akisogea palipoungua zaidi, akisoma alama. Moto hupanda na kutanuka, hivyo ukutani mara nyingi huacha alama kama herufi V, ncha ikiwa chini. Lakini alama hizo hazisomwi kwa haraka. Kiangazi cha huku kwetu, upepo unapovuma kutwa nzima, moto husukumwa upande mmoja, na palipoteketea kabisa panaweza kuwa hatua kadhaa kutoka ulipoanzia. Au paliungua zaidi kwa sababu tu palikuwa na godoro. Na chumba joto likipanda mpaka hewa ya chini ya dari ikafika kama nyuzi 600, vitu vyote huwaka kwa pamoja, na alama za mwanzo hufunikwa na za baadaye. Palipoungua zaidi na palipoanzia si lazima pawe mahali pamoja.

Sasa hitilafu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tofauti, kutokubaliana. Wazee bado husema ndugu wamehitilafiana. Kutoka hapo likawa kasoro. Hitilafu ya umeme basi ni umeme kutoka kwenye njia yake au kiwango chake: kiungo kimelegea ndani ya soketi kikawa kinapata joto, waya mwembamba wa taa umebebeshwa jiko, panya ametafuna ganda, ikapiga shoti. Pasi iliyosahaulika haimo humo. Wala pazia lililopepea likagusa koili ya jiko. Hapo umeme ulifanya kazi yake sawasawa, ila kilichokuwa mbele yake hakikupaswa kuwa pale. Hili linaniuma kwa sababu nimeona matokeo yake: mama wa watu anaambiwa hitilafu ya umeme, anakopa pesa abadilishe waya nyumba nzima, na ekstensheni iliyofunikwa na zulia, ambayo ndiyo ilikuwa na joto, anaihamishia chumba kingine.

Kesho yake pale kibandani, mzee mwenye eneo aliniita. Mkononi alikuwa na kipande cha waya, urefu wa shubiri, ganda limeteketea lote. Mwishoni kulikuwa na tone la shaba, duara, dogo kama punje ya mtama. Nikalifuta kwa kidole likang'aa. Nyuma ya tone waya ulikuwa na unene wake uleule, na vile vimistari vyembamba vya kiwandani bado vinaonekana. Mpaka kati ya palipoyeyuka na pazima ulikuwa kama umekatwa kwa kisu.

"Unaona, fundi. Shoti hiyo."

Ilikuwa shoti kweli. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ikiyeyushwa na moto wa nyumba, huharibika sehemu ndefu, ikalegea, ikawa nyembamba hapa na nene pale. Tone la duara lenye mpaka mkali namna ile ni kazi ya cheche ya umeme. Lakini cheche ilitangulia moto, au moto ulitangulia cheche? Ganda la plastiki la waya tunaotumia majumbani kwa kawaida limetengenezwa kuhimili nyuzi 70. Hata moto ulioanza kwa mshumaa ukishafika kwenye waya, ganda linayeyuka, nyaya mbili zinagusana, cheche inaruka, breka inaanguka. Tone linabaki lilelile. Linachosema ni kwamba moto ulipofika pale, au ulipoanza pale, waya ulikuwa na umeme.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, ulikuwa umepita ukuta upi?" Akaonyesha ukuta wa mlangoni. Kisha akafikiri, akaonyesha wa dirishani. Alikuwa ameshaung'oa.

Wasiosema hitilafu husema "umechomwa". Neno hilo ni zito zaidi. Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinamfikisha anayechoma jengo kwa makusudi kwenye kifungo cha maisha. Huko Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham aliuawa na serikali kwa sindano ya sumu mwaka 2004 kwa moto wa 1991 ulioua binti zake watatu. Wachunguzi walisema alama za sakafuni ni za mafuta yaliyomwagwa. Wataalamu waliopitia kesi baadaye walieleza kwamba alama kama hizo hutokea pia katika chumba kilichowaka chote bila tone la mafuta. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa sana huko, NFPA 921, uliotoka kwa mara ya kwanza 1992, haukubali mtu aseme "sikuona kingine, basi ni makusudi". Unaruhusu jibu ambalo sisi tunaliona kama aibu: chanzo hakijabainika.

Jirani yangu wa WhatsApp nilimfuata nyumbani, tukazungumza vizuri. Nilimwomba siku nyingine aandike alichokiona: kibanda kimeungua zaidi upande wa meza ya pasi, moto ulionekana saa nane mchana, upepo ulikuwa ukielekea barabarani, chanzo hakijajulikana. Akaniuliza kama hiyo si sawa na kutosema kitu. Nikamwambia saa nane mchana na upepo wa barabarani ni vitu ambavyo mchunguzi angevitafuta kwa wiki nzima. Hitilafu ya umeme aiache mpaka kuwe na aliyekagua, na waya ziachwe ukutani mpaka zimamoto wazipige picha.