Je, wajua kwa nini kichocho hukausha ini, ilhali mnyoo wake haukai humo?

Saa sita mchana, mwalo wowote kati ya Kibirizi na Ujiji, huko Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, una watoto majini mpaka kifuani. Mama zao wanafua pembeni, dagaa wameanikwa mchangani. Jua hilo hilo ndilo linalowapendeza konokono wadogo wa ufukweni waliobeba kichocho: ni nyakati za mchana wanapoachia kwa wingi viluwiluwi vyenye mkia. Kiluwiluwi kikimpata mtu hutoboa ngozi, kikaacha mkia nje, kikaingia damuni.

Tunazungumzia kichocho cha tumbo, si kile cha mkojo wenye damu. Minyoo yake iliyokomaa huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike pamoja. Dume amejikunja kama ganda la haragwe na jike amelala ndani ya mkunjo huo. Wanaweza kukaa hivyo miaka, kwani hujipaka chembe za mwenyeji wao, kinga ya mwili ikawapita bila kuwashtukia.

Tatizo ni mayai. Jike mmoja hutaga mpaka 300 kwa siku. Yanapaswa kupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, lakini karibu nusu hukosa njia. Sasa, damu ya utumbo haiendi moyoni moja kwa moja, hupitia kwanza kwenye ini. Yai lina urefu wa kama sehemu moja ya saba ya milimita, na lina mwiba ubavuni. Likifika kwenye vijishipa vya ini, linakwama.

Ndani ya yai hilo kuna kiumbe hai, kitakachoishi kama wiki tatu hivi, na majimaji yake huvuja kupitia ganda. Hapo ndipo mgambo hulia. Seli za ulinzi hazina mdomo. Zinapashana habari kwa protini ndogondogo ziitwazo saitokini: seli moja huitoa, nyingine hunasa kwa kipokezi chake na kubadili kazi. Kwa yai la kichocho, saitokini zinazotawala ni intalukini-4 na intalukini-13. Seli humiminika toka kila upande na kulizingira yai mpaka kinatokea kinundu.

Usikilaumu haraka kinundu hicho. Watafiti waliwaambukiza kichocho panya wasio na seli T, ambazo ndizo zinazoongoza ujenzi huo. Vinundu havikujengeka vizuri, na sumu ya mayai ikaharibu seli za ini zilizo jirani. Kumbe ukuta ule unaokoa maisha.

Ila kuna fundi mwingine anayesikia mbiu ile ile. Ini lina seli zenye umbo la nyota, na kazi yake ya siku zote ni ya upole kabisa: kuhifadhi vitamini A katika vitone vya mafuta. Anayekula mboga zilizoungwa kwa mawese mekundu ya Kigoma, sehemu kubwa ya vitamini A anayoipata huishia kwenye ghala hilo. Intalukini-13 ikizidi, seli nyota hupoteza mafuta yake, hunyooka, na kuanza kusokota nyuzi ngumu za kolajeni. Hilo ndilo kovu. Mwaka 1999 watafiti waliizuia intalukini-13 katika panya wenye kichocho. Vinundu vilibaki na ukubwa ule ule, lakini makovu yakapungua sana. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote, kwamba ukuta na kovu vinaweza kutenganishwa.

Makovu hayo hufuata mishipa. Daktari Symmers, aliyeyaeleza mwaka 1904 huko Misri, aliyafananisha na mirija ya viko vya udongo. Damu ikibanwa humo hurudi nyuma: bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio ikipasuka mtu hutapika damu. Kwa kuwa seli zenyewe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi, macho yanaweza yasigeuke manjano, tofauti na ini lililokaushwa na gongo. Ndiyo maana jirani husema huyu katupiwa kitu, jana tu alikuwa akivuta nyavu.

Dawa ni prazikwanteli. Shuleni watoto husimamishwa kwenye ubao wenye alama, na urefu wao huonyesha idadi ya vidonge, vikubwa na vichungu, vya kumeza baada ya kula. Dawa huua minyoo, basi hakuna mayai mapya. Kovu hailigusi, ingawa kwa mtoto aliyewahiwa, kovu changa linaweza kufifia taratibu miezi na miaka ikipita, mradi asiambukizwe tena. Na kengele ya kutoka ikilia, kama nyumbani hakuna bomba, anachukua ndoo na kushuka ziwani.