Hali za kitufe cha picha katika programu ya simu

Kitufe cha picha ni kitufe kinachojitambulisha kwa mchoro badala ya maandishi, kama vile kamera, pipa la taka au mizani. Hali ya kitufe ni jinsi kilivyo kwa wakati fulani: kimetulia, kimebonyezwa, kimechaguliwa au kimezimwa. Kila hali huhitaji mwonekano wake, kwa sababu ni kwa mwonekano huo mtumiaji hujua kama simu imeipokea amri yake.

Uzito wa jambo hili niliuona katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, nilipokuwa nikijaribu programu niliyoitengeneza ya kuandikia mauzo ya dagaa. Mama mmoja mchuuzi alibonyeza picha ya mizani, akaona haibadiliki, akabonyeza tena na tena. Ndoo moja ikaandikwa mara tatu. Kosa lilikuwa langu. Hali ya kubonyezwa nilikuwa nimeipa buluu iliyokolea kidogo tu kuliko ile ya kawaida, tofauti ambayo ndani ya nyumba niliiona vizuri, lakini jua la saa sita pale ufukweni liliifuta kabisa. Siku hizi kitufe kile hugeuka rangi chote, kisha hujizima mpaka mauzo yahifadhiwe.

Katika Android, picha za hali zote huorodheshwa katika faili moja ya XML, yaani faili ya maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu ili mfumo uyasome. Mfumo huisoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini na kuchukua picha ya kwanza ambayo masharti yake yanalingana na hali iliyopo. Picha ya hali ya kawaida haiwekewi sharti lolote, kwa hiyo inalingana na kila hali. Ukiiweka juu, nyingine zote hazitaonekana kamwe, nawe utashinda ukirekebisha michoro isiyo na kasoro. Mahali pake ni mwisho wa orodha.

Si lazima kuchora picha nne. Mchoro mmoja unaweza kupakwa rangi tofauti kwa kila hali, na programu ikabaki nyepesi. Kwa kitufe kilichozimwa, mwongozo wa Material Design wa Google hufifisha mchoro hadi ubaki na asilimia 38 ya ukolevu wake. Hali ya kuchaguliwa, hata hivyo, isitegemee rangi pekee, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani: nyota iliyokuwa tupu na ijazwe.